Chakula kinaisha tarehe 21: jinsi ya kulifupisha deni kwa siku tatu kila mwezi

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, wa miaka 15, 11, 7 na 3. Tunaishi kwa mshahara mmoja, wa mume wangu. Ukiingia mwisho wa mwezi ananipa fedha ya chakula na siku hiyohiyo nakwenda kununua vitu vya mwezi mzima. Kila mwezi ikifika tarehe 20 au 21 vimekwisha. Siku kumi zinazobaki nakopa dukani, na watoto wanakula wanga mtupu. Mshahara ukiingia tena nalipa deni kwanza, kwa hiyo mwezi mpya naanza nikiwa pungufu. Nimepunguza nyama, nimepunguza maziwa, sijui nipunguze nini tena. Mume wangu anaona kama fedha naimaliza ovyo. Naomba unielekeze.

Jibu: Dada yangu, asante kwa kuyaweka mambo wazi. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na kilichonishika zaidi ni tarehe. Umesema tarehe 20 au 21, kila mwezi. Mtu anayetumia ovyo huishiwa tarehe 14 mwezi huu, na mwezi ujao tarehe 26. Wewe unaishiwa palepale kila mara, na hilo linaniambia kuwa una utaratibu na unaufuata. Kasoro iko kwenye hesabu ya utaratibu wenyewe.

Tuitazame hesabu hiyo kabla hujapunguza kitu kingine chochote. Ukipokea fedha unafanya mambo mawili: unalipa chakula mlichokwisha kula kwa siku kumi, kisha unanunua chakula cha siku 20. Kumi na ishirini ni thelathini. Kama deni lako halikui mwezi hadi mwezi, maana yake fedha unayopewa tayari inawalisha kwa siku 30. Kuna shimo moja la siku kumi lililochimbwa zamani, labda mwezi wa ugonjwa, wa ada au wa wageni, na tangu hapo unalibeba kila mwezi na kulihamishia mwezi unaofuata. Unalipa, unachimba tena palepale.

Nimelitanguliza hili kwa sababu linabadilisha ukubwa wa tatizo. Ulikuwa unatafuta namna ya kuishi milele na theluthi moja pungufu, na hakuna mama anayeweza hilo. Unachotakiwa kufanya ni kulifukia shimo la siku kumi mara moja, nalo huweza kufukiwa kidogokidogo. Ukipata njia ya kuokoa chakula cha siku tatu kila mwezi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya bajeti, mambo yanakwenda hivi. Mwezi wa kwanza unalipa deni la siku kumi, unabaki na fedha ya siku 20, unaongeza tatu ulizookoa, unafika tarehe 23 na kukopa siku saba tu. Mwezi wa pili unalipa saba, unafika tarehe 26, unakopa nne. Mwezi wa tatu unafika tarehe 29. Mwezi wa nne unaumaliza mwezi bila deni, na siku mbili zinabaki. Kuanzia hapo ile sehemu ya kumi unayookoa inarudi mezani kama mayai na maziwa ya watoto.

Sasa jambo la kwanza la kufanya siku ya mshahara, na hili nakuomba ulifanye hata kama mengine yote utayaacha: nunua siku za mwisho kwanza. Ukishalipa deni, kabla hujagusa mahitaji ya wiki ya kwanza, nunua vitu vikavu vya siku tatu za mwisho wa mwezi: nafaka, maharage, mafuta, chumvi. Vifunge kwenye mfuko wake, andika juu tarehe 28, 29, 30, uuweke juu ya kabati au chini ya kitanda, mahali ambapo mkono haufiki kwa mazoea. Pamoja na mfuko huo tenga fedha taslimu ya mboga za majani na matunda ya siku hizo tatu, ndani ya bahasha. Watu wengi hutunza nafaka wakasahau bahasha, na ndiyo maana mwisho wa mwezi unakuwa wa wanga mtupu: unga upo ila hakuna hata fedha ya fungu la mboga. Mwezi wa pili mfuko uwe wa siku sita, wa tatu wa siku tisa.

Najua utauliza, si nitaishiwa mapema zaidi huku mbele? Ndiyo, ukipika kama unavyopika sasa utaishiwa tarehe 17 au 18. Lakini utaanza kuliona hilo tarehe 10, wakati bado una vitu vya kupangia. Upungufu ukijulikana mapema unagawanywa kwa siku 20 na hakuna mtoto atakayeuhisi. Ukijulikana tarehe 21 unaangukia siku chache kwa uzito wake wote.

Kuna kosa lingine dogo linalokula familia nyingi. Ukigawanya fedha ya mwezi kwa wiki nne, unakuwa umepanga siku 28. Miezi karibu yote ina siku 30 au 31. Siku hizo mbili tatu zinazoachwa nje, ukizijumlisha kwa mwaka mzima, zinafika 29: karibu mwezi kamili usio na bajeti. Gawanya kwa idadi halisi ya siku za mwezi huo, ndipo uzidishe kwa saba upate cha wiki.

Hiyo sehemu ya kumi tutaipata wapi? Umekwisha kukata nyama na maziwa, na naomba usiguse tena upande huo. Nitakuonyesha ninapopata mimi ninapokaa na familia jikoni na kupima.

Naanza na mafuta, kwa kuwa hapo ndipo nimeokoa kwa watu wengi kuliko popote. Kesho ukipika, jiangalie. Sufuria ikishapata moto unainamisha chupa na kumimina mpaka jicho liridhike. Jicho hilo halina kipimo: chupa ikiwa imejaa inatoka kwa kasi na unamimina zaidi, ikibaki robo unakuwa mwangalifu. Ndiyo maana chupa ya mwanzo wa mwezi huisha haraka kuliko ya mwisho. Lita moja ina vijiko vikubwa vya chakula kama 66. Familia ya watu sita inayotumia lita nne kwa mwezi inamaliza karibu vijiko tisa kwa siku. Jaribu vijiko sita, kijiko kimoja kwa kila mtu kwa siku nzima, uone kama chakula kitapoteza ladha. Utatumia chini ya lita tatu. Namna rahisi ni kupima vijiko sita asubuhi, ukavitia kwenye kikopo kidogo na kuirudisha chupa kabatini. Siku nzima unapikia kikopo. Kikiisha kimeisha.

Ila sikia hili vizuri: usimpunguzie mafuta wa miaka mitatu. Tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa, na kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120 katika nafasi isiyojaza tumbo. Yeye mwekee sehemu yake moja kwa moja kwenye sahani. Wanaopunguziwa ni wakubwa.

Sukari ni ya pili. Watu sita wakinywa chai mara mbili kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vidogo, hiyo ni karibu gramu 144 kwa siku, yaani kilo nne na zaidi kwa mwezi. Ukishuka hadi vijiko viwili unaokoa karibu kilo moja na nusu kila mwezi, na ulimi unazoea baada ya wiki mbili hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Kwa hiyo hapa hela na afya vinakwenda njia moja. Vinywaji vya chupa na juisi za pakiti sitavieleza kwa urefu. Katika bajeti kama yako viondoke kabisa mpaka deni liishe.

Ya tatu ni chakula kinachotupwa, na karibu kila mama huniambia, kwangu hakitupwi kitu. Sipingi, naomba tu tupime. Chukua ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa siku saba weka humo kila chakula kilichopikwa na hakikuliwa: mabaki ya sahani za watoto, ukoko uliokwangua, mchuzi uliochacha, mboga iliyonyauka kabla ya kupikwa. Wali gramu 200 tu kwa siku, ambao ni kama konzi mbili, unatokana na mchele mkavu gramu 70 hivi, kwa sababu mchele ukiiva huwa na uzito wa karibu mara tatu. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo mbili za mchele. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, mikahawa na maduka, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Kwa hiyo ukikuta ndoo ina uzito usioutarajia, usijilaumu. Pima mchele kwa kikombe kilekile kila siku, punguza robo kikombe, uone kama kuna anayelalamika. Na watoto wadogo wapakuliwe kidogo kwanza, waongezwe wakimaliza. Sahani ikijazwa mara moja, nusu yake huishia kwenye ndoo.

Ya nne ni vipimo vidogo. Kifuko kidogo cha unga, cha mafuta au cha sabuni kwa kawaida ni ghali kwa gramu kuliko kikubwa, na anayekopa ndiye hununua vifuko vidogo zaidi. Deni likifupika, gharama hii inapungua yenyewe. Lakini usiamini kwamba kikubwa ni nafuu siku zote. Chukua simu, gawanya bei kwa gramu zilizoandikwa kwenye pakiti, zidisha kwa 1,000, upate bei ya kilo. Fanya hivyo pia kwa pakiti uliyoizoea miaka yote, maana watengenezaji wengi hupunguza gramu na kuacha bei ileile. Ukiona gunia zima ni nafuu lakini fedha haitoshi, ungana na jirani mmoja au wawili mnaoaminiana, mnunue na mgawane kwa mizani siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye protini, kwa sababu umepunguza nyama na maziwa na nadhani hapo ndipo roho yako inauma zaidi. Weka namba hizi kichwani: nusu kilo ya maharage makavu ina protini kama gramu 110. Mayai 18 yana kiasi kama hicho, kila yai gramu sita hivi. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina kama gramu 100. Maziwa mabichi yanahitaji zaidi ya lita tatu kufika hapo. Andika vitu hivyo vinne kwenye karatasi na mbele ya kila kimoja andika bei yake unakonunua wewe. Nina hakika utashangaa unapofika kwenye mstari wa maharage, au wa dengu, au wa kunde, maana jamii hiyo yote inakaribiana. Ukinunua nyama yenye mifupa kumbuka kuutoa uzito wa mifupa kabla hujalinganisha. Na kama mahali ulipo wanauza samaki wadogo wakavu wanaoliwa na mifupa yao, waongeze kwenye karatasi, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na mifupa ile inawapa watoto madini ya kalsiamu.

Maharage peke yake yana upungufu wa aina fulani ya chembe za protini, na nafaka zina upungufu wa aina nyingine. Vikiliwa pamoja, hata kama si katika sahani moja ila siku moja, kimoja kinajaza pengo la kingine. Kwa hiyo wali na maharage, au mkate na dengu, ni chakula chenye protini kamili kwa mtoto anayekua, wala usione aibu kukiandaa mara nne kwa wiki. Nusu kilo ya maharage kwa watu sita inampa kila mmoja gramu 18 hivi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku, na nafaka anayokula inampa sehemu kubwa ya zinazobaki. Nyama ikipatikana, ikate vipande vidogo uipike ndani ya maharage au mboga badala ya kuiweka peke yake. Robo kilo ikipikwa hivyo inatia ladha kwenye sufuria nzima na inamsaidia mtu kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage yenyewe.

Kuhusu chuma, kama huyo wa miaka 15 ni binti, mwangalie kwa karibu, maana anapoteza damu kila mwezi na bado anakua. Chuma cha maharage na mboga za majani hakinyonywi vizuri hadi kipate vitamini C mezani: kipande cha limau, nyanya mbichi, chungwa au pera. Na chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula inazuia sehemu kubwa ya chuma hicho isiingie mwilini. Isogezeni chai mbele, angalau saa moja baada ya kula. Hilo halina gharama yoyote, na kwa afya ya damu linaweza kuwa na faida kuliko vitu vingi vya kununua.

Maziwa, yakipatikana kidogo, yana mwenyewe: wa miaka mitatu, kisha wa saba. Yasigawanywe kwenye chai ya watu sita yakapotea. Huyo mdogo ale mara tatu na vitafunio mara moja au mbili katikati, kwa sababu hawezi kujaza mahitaji yake kwa milo miwili mikubwa. Ndizi, kiazi kilichochemshwa au yai vinatosha. Ukihisi anapungua, mpeleke kliniki apimwe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzingo wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya 11.5 ni wa hatari. Miguu yote miwili ikivimba, nenda siku hiyohiyo. Sikutishi, nakupa alama za kuangalia ili usikae na hofu isiyo na kipimo.

Na wewe mwenyewe? Hukuniandikia unakula nini. Wanawake wengi wanaoniuliza swali kama lako hula mwisho, wakala kilichobaki, na siku za deni wakanywa chai tu wakisema wameshiba. Pakua sahani yako wakati unapakua za wengine. Nakuomba hilo kama mtu anayekuonea uchungu. Ukianguka wewe, hesabu hii yote haina mtu wa kuifanya.

Mboga na matunda usinunue vya mwezi mzima wala vya wiki mbili. Nenda mara mbili kwa wiki, ukiwa na fedha ya siku hizo tu. Majani yaliwe siku mbili za kwanza. Kabichi, karoti, maboga na vitunguu vinaweza kusubiri. Vya msimu ndivyo nafuu, na tunda lililo nafuu halina upungufu wowote kwa sababu ya unafuu wake. Osha majani kabla ya kukata, kata dakika chache kabla ya kupika, tumia maji kidogo na usiyamwage, kwa sababu vitamini nyingi huyeyuka humo. Viazi viweke gizani, mbali na vitunguu. Kiazi kilichogeuka kijani na kuwa kichungu usikipike.

Nishati ya kupikia ni sehemu ya bajeti ya chakula hata kama fedha yake inatoka mfuko mwingine. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, upike kwa maji mapya. Muda wa jikoni unapungua sana. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Kuyaacha yaive polepole kwenye moto mdogo tangu mwanzo bila mchemko huo kumewaumiza watu tumbo. Kama una friji pika kilo nzima, gawa mara mbili, yapoe haraka na uyaingize ndani ya saa mbili. Kama huna friji, pika ya siku moja. Kwenye wali nakusihi zaidi: wali uliolala nje ya friji hutengeneza sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto mpaka uvuke. Kuokoa konzi ya wali kwa kuharisha watoto wanne si uokoaji.

Nafaka ikikaa, ikae pakavu, kwenye chombo kinachofunga, juu ya ubao na si sakafuni. Chambua karanga na mahindi kabla ya kuhifadhi. Zenye ukungu zitupwe, wala usidhani kuzikaanga au kuzisaga kutazitibu.

Ukitaka kujua kama fedha unayopewa inatosha kweli, kuna kipimo kimoja. Familia yenye watu wa umri wenu inahitaji nafaka kavu kama kilo mbili hadi mbili na nusu kwa siku, maharage au jamii yake nusu kilo, mafuta vijiko sita na mboga na matunda. Kwa mboga na matunda lengo la Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 kwa mtu mzima kwa siku. Mkianzia nusu ya hapo si haba, mtapanda deni likiisha. Zidisha kwa bei unazozijua, kisha kwa siku 30. Kama jumla ni ndogo kuliko fedha unayopewa, mpango wa siku tatu tatu utafanya kazi. Kama ni kubwa kuliko fedha yenyewe, au kama deni lako limekuwa likikua kila mwezi, basi hakuna ustadi wa jikoni utakaoziba pengo hilo, na kuendelea kujibana kutaishia kwenye miili ya watoto. Hapo mazungumzo yanahamia kwenye kipato, kwenye chakula cha shuleni kama kipo, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii. Kuomba msaada ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi ni tofauti na kuomba ukiwa na machozi tu.

Karatasi hiyohiyo ndiyo jibu langu kuhusu mume wako. Nadhani haoni kinachoisha, anaona tu kwamba kimeisha. Usimweleze wakati chakula kimekwisha na wote mna njaa. Chagua jioni ya siku za mwanzo, watoto wakiwa wamelala, umwekee mbele daftari: tulilipa deni la siku kumi, tukabaki na siku 20, huu hapa mfuko wa tarehe 28. Mwonyeshe kwamba shimo ni la siku kumi na linafukiwa kwa miezi minne. Kisha mwombe mambo mawili tu. La kwanza, fedha ya mboga asikupe yote mara moja, aigawe wiki kwa wiki na aishike yeye, ili awe ndani ya mpango na si mkaguzi wake. La pili, mwezi mmoja tu, yeye ndiye aende sokoni siku za Jumamosi, na orodha yako na bahasha yako.

Na huyo wa miaka 15 mpe kazi ya kuandika daftari. Ana umri wa kutosha, anajua hesabu, na anaelewa zaidi ya unavyodhani kwa nini wiki ya mwisho sahani inabadilika. Kila jioni aandike tu mistari miwili: kilichonunuliwa, kilichotupwa. Baada ya mwezi mmoja niandikie tena na namba hizo, hasa za mafuta na za ndoo, tuone siku tatu za mwezi wa pili tutazitoa wapi.